Saa Ipi, na Chombo Kipi?

Mwalimu aliyepewa kazi ya kuongoza chama cha wapanda milima katika shule yake, kama nilivyopewa mimi, hana budi kulizoea swali moja ambalo wanafunzi humwuliza kila muhula: "Mwalimu, ni saa gani iliyo bora?" Hawaulizi habari za saa ya kujulisha mwanzo wa kipindi. Wamekusudia zile saa za siku hizi zenye GPS, ambazo humwonyesha mvaaji mahali aliposimama, kimo alichofikia, mwendo wake, na hata mapigo ya moyo wake. Wameziona katika mikono ya wakimbiaji na tamaa imewaingia. Mimi huwajibu kwa kuwauliza: bora kwa nani, na kwa safari gani? Jibu hili huwaudhi kidogo, lakini sina jingine lililo la kweli.

Kabla ya kununua chombo cha namna hii yafaa kujua kinafanya nini. Juu yetu, kwa umbali wa kilomita 20,200 hivi, huzunguka setilaiti za GPS zipatazo 30, na kila moja huizunguka dunia mara mbili kwa siku. Ni mali ya serikali ya Marekani. Ya kwanza ilirushwa mwaka 1978, na mpango wote ulitangazwa kuwa umekamilika mwaka 1995. Urusi, nchi za Umoja wa Ulaya na China nazo zina setilaiti zao za kazi hiyo hiyo, na vyombo vingi vya sasa huzisikiliza zote. Kila setilaiti hubeba saa za atomiki, na kazi yake ni kama ya mpiga mbiu: hutangaza bila kukoma kuwa wakati ni huu na yeye yuko mahali fulani. Chombo kilicho mkononi mwako hulipokea tangazo hilo na kupima limechelewa kiasi gani njiani. Kwa kuwa mawimbi yake husafiri kilomita 300,000 hivi kwa sekunde moja, kuchelewa huko hugeuzwa kuwa umbali. Kikisikia setilaiti nne au zaidi, chombo huweza kujua latitudo, longitudo, kimo na wakati. Saa ikikosea kwa sehemu moja tu katika milioni ya sekunde, umbali utakosewa kwa mita 300.

Basi mtaona ya kwamba habari ya mahali na habari ya wakati ni ndugu, na undugu wao ni wa zamani. Mwaka 1714 Bunge la Uingereza liliahidi zawadi ya hadi pauni 20,000 kwa mtu atakayewawezesha mabaharia kuijua longitudo yao katikati ya bahari. Seremala mmoja, John Harrison, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kutengeneza saa ya kazi hiyo, na ile iliyompa sifa ilijaribiwa katika safari ya kwenda Jamaica iliyoanza mwaka 1761. Hesabu yake ni rahisi. Dunia hugeuka digrii moja kwa kila dakika nne, na hapa kwetu penye Ikweta digrii moja ni kilomita 111. Kwa hiyo saa iliyokosea dakika moja humpoteza nahodha kilomita 28 hivi.

Kuna jambo moja ambalo wengi hulidhania vibaya, nalo nalieleza kila mwaka. Chombo cha GPS hupokea tu, hakisemi na setilaiti. Hakihitaji mtandao wa simu. Hata simu, ikiwa ramani imewekwa ndani yake kabla ya safari, itaonyesha mahali ulipo katikati ya msitu usio na mtandao wowote. (Najua simu haziruhusiwi katika mabweni yenu. Nazungumza habari za likizo.) Lakini kwa sababu hiyo hiyo, chombo hicho hakiwezi kukuombea msaada. Ukivunjika mguu kitakujulisha kwa usahihi mkubwa mahali ulipovunjikia, na habari hiyo itabaki kwako.

Sasa nije katika uchaguzi wetu. Chama chetu kilikuwa na fedha kidogo zilizotokana na mboga tulizouza. Zilitosha kununua saa moja nzuri ya GPS, au chombo kimoja cha kushika mkononi pamoja na dira mbili, ramani, na betri za akiba. Tulijadiliana kwa juma zima. Katibu wa chama, kijana wa kidato cha tatu mwenye ulimi mwepesi, aliitetea saa kwa nguvu. "Mwalimu, chombo cha mkononi huanguka, husahauliwa kwenye jiwe wakati wa chai. Saa imefungwa mkononi, itaanguka vipi?" Neno hilo lilikuwa la haki, wala sikulipinga. Tena saa ni nyepesi. Kwa mkimbiaji wa Iten anayetaka kujua mwendo wake katika kila kilomita, ningemshangaa mtu atakayempa kitu kingine.

Lakini sisi hatukuwa wakimbiaji. Tulikuwa watu ishirini na wawili wenye shanta, tuliokusudia kulala mlimani. Kwa safari kama hiyo swali la kwanza ni betri. Saa nyingi hutiwa umeme kwa waya wake wenyewe. Baadhi hudumu siku kadhaa, na nyingine, hasa zile zenye kioo kinachong'aa sana dukani, humaliza nguvu kabla ya siku ya pili ikiwa GPS inafanya kazi mfululizo. Safari ya kupanda Mlima Kenya kwa njia ya Sirimon hadi Lenana, penye mita 4,985, na kurudi, huchukua siku tatu au nne, na huko juu hakuna pa kuchomeka waya. Usiku katika kambi ya Shipton, kwenye mita 4,200 hivi, baridi huweza kugandisha maji, na baridi huzidhoofisha betri. Chombo cha mkononi tulichokiona kilitumia betri mbili ndogo za kawaida, zile zile za tochi na redio. Ukizitia ndani ya soksi na kulala nazo huamka zikiwa na nguvu, na zikiisha unatia nyingine. Duka la mwisho kabla ya lango la hifadhi linaziuza.

Swali la pili ni vidole. Mjaribu chombo dukani hukijaribu kwa mkono mkavu na wenye joto. Mimi nilimwomba muuzaji maji kidogo nikalowesha vidole, kisha nikavaa glovu za sufu. Alinitazama kwa mashaka. Kioo cha kupapasa kilikataa kabisa, lakini vibonye vilikubali. Nikakitoa nje juani pia, maana kuna vioo ambavyo huonekana vizuri chini ya taa na mchana wa jua huwa vyeusi kama chungu.

Swali la tatu ndilo lililo kubwa, na ndilo wasiloliuliza wanunuzi wengi. Je, chombo hiki kinakubaliana na ramani yako? Ramani za Kenya za kipimo cha 1:50,000, ambazo bado tunazitumia shuleni, zimechorwa juu ya msingi wa vipimo unaoitwa Arc 1960. Jina hilo limeandikwa pembeni mwa karatasi kwa herufi ndogo. Vyombo vya GPS, vitokapo kiwandani, hutumia msingi mwingine uitwao WGS84, uliotengenezwa kwa ajili ya dunia nzima. Misingi hii miwili huhesabu umbo la dunia na kitovu chake kwa namna mbalimbali. Kwa hiyo mahali pamoja pana nambari mbili, na kwetu sisi tofauti yake ni kama mita 300. Katika ramani hiyo mita 300 ni milimita sita tu, karibu upana wa penseli. Katika milima ya Nyandarua, mita 300 ni ng'ambo ya pili ya korongo.

Jambo hili tuliliona kwa macho yetu. Tulikuwa katika nyanda za juu za Nyandarua, zaidi ya mita 3,000, pamoja na askari wa hifadhi aliyetulinda na nyati. Kitu cha saa nane na nusu ukungu ukashuka, na kwa muda wa dakika kumi hatukuweza kuona zaidi ya hatua ishirini. Tulipaswa kufuata mgongo wa kilima kuelekea mashariki hadi kwenye barabara ya magari. Chombo cha chama tulikuwa tumekwisha kukilinganisha na ramani tukiwa shuleni. Lakini msichana mmoja alikuwa amevaa saa ya GPS aliyoazimwa na mjomba wake, saa ya thamani, nayo ilikuwa kama ilivyotoka kiwandani. Nambari za vyombo hivyo viwili tulipozitia katika ramani tukapata alama mbili. Chombo cha chama kilituweka juu ya mgongo wa kilima. Saa ilituweka kusini zaidi, ng'ambo ya mto.

Wanafunzi wakagawanyika mara moja. Saa ilikuwa mpya na ya bei kubwa, na chombo chetu kilikuwa kimekwaruzika. Baadhi walisema turudi kaskazini tuuvuke mto. Kama tungefanya hivyo tungeutafuta mto tuliokuwa tumeupa kisogo, na tungeteremka upande usiotuhusu mpaka katika mianzi, jioni, tukiwa na watoto wa watu ishirini na mmoja. Nilinyamaza ili wafikiri, ingawa nakiri moyo wangu ulikuwa ukienda mbio. Aliyetoa jawabu ni mwenye saa mwenyewe. Alisikiliza maji yaliyokuwa yakivuma chini upande wa kusini, akasema: "Mwalimu, saa hii yasema tumevuka mto. Tuliuvuka saa ngapi?"

Hakuna aliyekuwa ameuvuka. Tukacheka, hata afande akacheka. Kisha tukaketi juu ya shanta zetu, tukatafuta ndani ya saa ile mahali pa kubadili msingi wa vipimo, tukaandika Arc 1960. Alama yake ikasogea ikakaa karibu kabisa na ile ya kwanza. Saa haikuwa imesema uongo. Ilikuwa imesema kweli kwa lugha ambayo karatasi yetu haiijui. Tulifika barabarani kabla ya saa kumi na moja. Tangu siku hiyo, mwanafunzi akiniletea chombo chochote nikiangalie, kitu cha kwanza ninachotafuta ni kama kinaruhusu kubadili msingi huo. Vingine huruhusu na vingine haviruhusu, na bei haikujulishi.

Niseme kidogo juu ya kimo, kwa sababu wauzaji hukisifu sana. Saa nyingi za mlimani hupima kimo kwa mgandamizo wa hewa, ambao hupungua kadiri unavyopanda. Kipimo hicho ni kizuri, lakini katika nchi za Ikweta hewa yenyewe ina desturi ya kupanda na kushuka mara mbili kila siku, kama maji ya pwani. Mgandamizo huwa mkubwa karibu na saa nne, asubuhi na usiku, na mdogo karibu na saa kumi, alasiri na alfajiri. Kwa hiyo saa iliyolala mezani huweza kudai kwamba meza imepanda mita ishirini au thelathini tangu asubuhi. Kila mfikapo mahali ambapo kimo chake kimeandikwa katika ramani, irekebisheni.

Na saa ya kawaida isiyo na GPS? Kila mwanachama wetu analazimika kuwa nayo, hata ile ya bei ndogo kabisa. Ndani yake kuna kipande cha kwatzi kinachotetema mara 32,768 kwa sekunde, na kwa mwezi mzima aghalabu haikosei zaidi ya nusu dakika. Hapa kwetu jua huchwa karibu wakati ule ule mwaka mzima, karibu na saa kumi na mbili na nusu jioni, na giza huingia upesi. Kwa hiyo saa ya kugeuka hujulikana kabla ya kuondoka. Sisi huiandika kwa wino nyuma ya mkono: ikifika saa saba mchana, hata kama kilele kinaonekana, tunageuka. Sijaona chombo cha setilaiti kinachoshinda wino huo kwa kuokoa watu.

Chombo cha chama bado kipo, kabatini, kimetolewa betri zake ili zisivuje. Mwaka huu mjadala ni mwingine. Wanafunzi wanataka tununue kile kinachoweza kupeleka ujumbe wa msaada kwa setilaiti, na kwa jambo hili niko upande wao kwa sababu niliyokwisha kuitaja, ile ya mguu uliovunjika. Shida ni kwamba chombo hicho hudai ada, na mhasibu wa shule ameuliza ni nani atakayeilipa katika miezi ya likizo. Katibu mpya ameandika hesabu zake kwenye ubao wa chama, na Ijumaa tutakutana kuzijadili.