Bugolobi: Nyumba ya Kupanga kwa Mwenye Mbwa

Kusini-mashariki ya katikati ya jiji la Kampala, kando ya barabara iendayo bandari ya Port Bell, kuna kilima cha Bugolobi. Jirani yake ni kilima cha Mbuya, penye hospitali ya jeshi. Upande wa pili ardhi hushuka hadi bonde la Nakivubo, ambako mafunjo na magimbi huyanywa maji ya jiji kabla hayajafika Ziwa Victoria. Angani huzunguka kaloli, wale korongo wakubwa wenye upara ambao kila mkaazi wa Kampala anawafahamu.

Askari apatapo uhamisho wa kuja upande huu hufika na jamaa yake, magodoro, masufuria, na pengine mbwa. Watu hupata mahali; mbwa ndiye akwamaye. Dalali akilisikia jina la mnyama huyo, ambalo kwa Kiganda ni embwa na hivyo halihitaji mkalimani, hutikisa kichwa. Hapo familia hushawishika kutenda moja kati ya mabaya mawili: kumficha mnyama mpaka agundulike, ama kumtupa njiani.

Yafaa kwanza kuutazama mtaa. Majumba ya ghorofa ya Bugolobi, yaliyojengwa na Shirika la Taifa la Nyumba, yana ngazi na nyua zinazotumiwa na wote. Sheria ya mwaka 2001 kuhusu majengo ya namna hiyo huwapa wenye nyumba uwezo wa kujiwekea kanuni za pamoja. Kwa hiyo ruhusa ya mwenye nyumba mmoja huenda isitoshe. Paka aliyetulia aweza kuishi humo kwa amani, lakini mbwa abwekaye usiku huwaamsha majirani wa juu na wa chini. Vyumba vya safu, ambavyo Waganda huviita mizigo, navyo hugawana uga mmoja ambamo watoto hucheza na chakula hupikwa.

Kwingine mtaani, kama kandokando ya barabara ya Luthuli, iliyopewa jina la mzalendo wa Afrika Kusini aliyetunukiwa Nishani ya Nobel ya Amani ya mwaka 1960, zimo nyumba zenye ua na lango. Mwenye nyumba aliye na banda la uani la kupangisha huenda yeye mwenyewe anahitaji mlinzi wa usiku. Kwake mbwa mwenye adabu si mzigo, bali ni msaada. Ni huko mpangaji mwenye mbwa afaako kubisha hodi kwanza.

Hata hivyo, abishe kwa ukweli. Habari ya mbwa itajwe kabla ya fedha kutolewa. Kadi ya chanjo ya kichaa cha mbwa ionyeshwe. Chanjo hiyo huanza mbwa atimizapo umri wa miezi mitatu na hurudiwa kwa wakati kama aelekezavyo daktari wa mifugo. Mwenye nyumba akaribishwe amwone mnyama. Kisha ruhusa iandikwe: idadi ya wanyama, mahali pa kulala, usafi wa ua, na nani atalipa kitu kikiharibika. Sheria ya Mwenye Nyumba na Mpangaji ya mwaka 2022 yataka mkataba wa thamani ya shilingi 500,000 au zaidi uwe wa maandishi. Hata ulio chini ya hapo, wahenga walikwisha sema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Jambo hili si la anasa. Mbwa aliyetupwa hakosi njaa, hukosa chanjo, na huzurura sokoni na penye majalala. Karibu vifo vyote vya binadamu vitokanavyo na kichaa cha mbwa huanza kwa kuumwa na mbwa, na dalili zikishatokea ni nadra sana mgonjwa kupona. Aumwaye hana budi kuosha jeraha kwa sabuni na maji mengi kwa dakika 15, kisha kwenda hospitali mara moja.

Kwa hiyo familia inayomtafutia mbwa wake nafasi Bugolobi huwalinda pia watoto wa majirani ambao bado haijawajua. Na siku uhamisho mwingine utakapofika, karatasi iliyotunzwa vizuri na ua ulioachwa safi vitamfungulia lango mpangaji ajaye, yeye na mbwa wake.