Boti ya mzee

Jamani, walioniuliza niko wapi mbona sionekani vijiweni siku za Jumamosi, jibu ni hili: niko Luchelele kwa wazazi wangu, nimelala chali chini ya boti, nashikilia nyundo ya kilo mbili huku mzee akigonga kutoka juu. Kazi hii imekula wikiendi zangu zote tangu mvua za masika zilipokatika.

Boti yenyewe ni ya alumini, futi 14, imewekwa uani kati ya mti wa embe na banda la kuku. Kwa Mwanza hiki ni kituko kidogo. Wavuvi wetu wanatumia mitumbwi ya mbao, na ukienda mwalo wowote utakuta mafundi wakiichonga na kuiziba. Boti za alumini zilikuja na miradi. Hii ilikuwa ya mradi fulani wa utafiti wa ziwa, mradi ukaisha, wenyewe wakaondoka, boti ikabaki kwenye nyasi miaka mingi hadi siku ya mnada. Mzee alikuwa amestaafu ualimu mwaka uliotangulia, kiinua mgongo kikiwa bado cha moto mfukoni. Akanyoosha mkono.

Sijui kama mmewahi kuona mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu. Miaka thelathini na kitu mtu anaamka saa kumi na moja alfajiri, anaheshimika mtaa mzima, halafu Jumatatu moja anaamka saa ile ile na hakuna anayemngoja. Miezi ya kwanza mzee alifagia uwanja mpaka akaanza kufagia wa jirani. Aliponunua boti, mimi nilifurahi. Mama hakufurahi.

Mama ni wa Bukoba. Kaka yake mkubwa, mjomba ambaye mimi namjua kwa picha moja tu ya studio, alikuwa kwenye MV Bukoba tarehe 21 Mei 1996. Amezikwa Igoma pamoja na wengine. Tangu siku ile mama hajapanda chombo chochote cha majini, na nikisema chochote namaanisha hata kivuko. Alipokuwa anakwenda kwao, wenzake walipita Kigongo wakavuka na pantoni kwenda Busisi, yeye alizunguka na basi la Shinyanga na Kahama, safari ya kuchosha mno, bila kulalamika hata siku moja. Daraja la Kigongo–Busisi lilipofunguliwa Juni 2025, sisi waandishi tuliandika kuhusu urefu wake wa kilomita 3 na uchumi wa Kanda ya Ziwa. Mama alipiga simu akasema, "Mwanangu, sasa nitafika nyumbani mchana."

Kwa hiyo mnaelewa ilikuwaje mzee alipoingiza boti getini.

Hakugombana. Alisema sentensi moja tu: wauze kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Na mnunuzi alikuja kweli, na mizani yake ya kuning'iniza, akatamka laki tatu na nusu. Alumini ina soko kwa sababu ndiyo inayoyeyushwa kutengeneza sufuria. Mzee akamwambia atafikiria. Mwalimu akikwambia hivyo ujue umefeli.

Sasa kuhusu kazi yenyewe, maana najua humu kuna watu wa ufundi.

Cha kwanza nilichojifunza ni kwamba alumini haiozi kama chuma. Ikiguswa na hewa inajivika ngozi nyembamba sana ya oksidi, na ngozi hiyo ndiyo inayoilinda. Ukiikwangua inajivika nyingine papo hapo. Ndiyo maana boti imekaa kwenye nyasi miaka yote ile na mwili wake uko salama, hasa kwa kuwa maji ya ziwa letu hayana chumvi. Adui wake ni metali nyingine. Chini ya sakafu tulikuta kipande cha waya wa shaba kilichosahaulika, na pale kilipolala alumini ilikuwa imefanya unga mweupe na vishimo. Shaba na alumini zikikutana penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Kwa sababu hiyo hiyo hatukutumia mbao zilizotiwa dawa yenye shaba, na bolti zote tulizofunga ni za chuma kisichoshika kutu. Hata brashi ya waya ya kawaida haifai, inaacha vipande vidogo vya chuma kwenye mwili wa boti, na hivyo vinashika kutu.

Cha pili: usimpelekee mchomeleaji wa mageti. Tulimwita mmoja, kijana mstaarabu, akaigonga kwa kidole, akasema, "Mwandishi, hii kwa mashine yangu nitakutobolea tu." Namheshimu sana kwa jibu hilo. Alumini inayeyuka kwenye nyuzijoto 660 na haibadiliki rangi kukuonya kama chuma kinavyofanya. Unaitazama iko vilevile, ghafla kuna tundu. Halafu ile ngozi ya oksidi inahitaji moto mkali zaidi ya mara tatu ya huo. Inataka mashine yake na gesi ya agoni.

Bahati nzuri boti hii haikuchomelewa. Imeungwa kwa ribiti, mamia ya ribiti, na zinazovuja ni hizo. Tuliiweka juu ya magogo, tukajaza maji ndani kina cha kiganja hivi (msijaze hadi juu, mita moja ya ujazo ya maji ni tani nzima na boti itapinda), kisha mimi nikaingia chini na tambara na kalamu ya maka. Panapodondoka, nafuta, nazungushia duara. Nilihesabu 31. Mzee aliziandika kwenye daftari la mistari, safu kwa safu, kama mahudhurio ya darasa la nne. Nyingine zilikuwa zimelegea tu: mmoja anabana chuma kizito kwenye kichwa cha ribiti kwa nje, mwingine anagonga mkia wake kwa ndani, inakaza. Kumi na mbili zilikuwa zimekwisha kabisa, tukazitoboa kwa drili.

Ribiti mpya tulizipata kwa mafundi wa mabodi ya mabasi. Hili ndilo jambo lililonifurahisha kuliko yote. Ukitafuta mtandaoni utaambiwa uagize vifaa maalumu vya boti kutoka Marekani, ambako boti za namna hii zimejaa majumbani kama baiskeli kwetu. Kumbe fundi wa bodi la basi anafanya kazi hiyo hiyo kila siku: bati la alumini, ribiti, na kuzuia maji yasiingie. Gundi ya kuzibia tulinunua ile ya kubandikia vioo vya mbele vya magari. Aliyetufundisha kugonga ni mzee wa jirani anayesubu sufuria, ambaye alipitisha mkono ubavuni mwa boti akatikisa kichwa kwa masikitiko, nadhani akihesabu sufuria alizokosa.

Ubao wa nyuma, unapofungiwa injini, ulikuwa umeoza hadi unatoka kwa vidole. Tukakata mpya, plaiwudi mbili zilizogandishwa pamoja, tukaupaka epoksi kila upande mpaka kwenye matundu ya bolti. Hayo ni siku mbili za kazi na sina la kuongeza.

Ninalotaka kusimulia kwa urefu ni mabenchi.

Boti hii ina mabenchi matatu, na mabenchi yake si ya kukalia tu. Ni masanduku, na ndani yake kiwandani walijaza povu gumu ili boti ikijaa maji isizame. Tulipolifungua la kwanza, mzee alinyanyua kipande kwa mikono miwili kikachuruzika maji kama dodoki. Povu lilikuwa limekunywa maji miaka yote hiyo. Mbali na kutoelea, lilikuwa linaongeza uzito. Ukiikuta boti kama hii, imepakwa rangi nzuri na viti vipya, fungua benchi kwanza kabla hujasifu.

Mama alikuwa anachambua mchele barazani. Akauliza hilo ni nini. Mzee akaeleza kimwalimu, kwamba ndani ya povu kuna hewa na hewa ndiyo inayoshikilia.

Mama akasema, "Na ile ilikuwa na hewa."

Wote tulinyamaza. Wenye umri wa wazazi wetu hapa Mwanza wanaijua hadithi hiyo. MV Bukoba ilipopinduka haikuzama mara moja. Ilielea kichwa chini kwa saa kadhaa, na waliokuwa ndani walisikika wakigonga. Wakaamua kutoboa tumbo la meli ili wawatoe. Hewa ikatoka, meli ikaenda chini. Na mwaka 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba na kuua zaidi ya watu 200, fundi mmoja wa mitambo alikutwa hai siku mbili baadaye kwa sababu ya hewa iliyobaki mahali alipokuwa. Nilikuwa chuo wakati huo. Nakumbuka mama aliizima redio habari hiyo ilipotangazwa, na ilikuwa habari njema.

Nilichoka kuwa mtoto wa katikati katika ugomvi usio na kelele, nikachukua daftari la mzee nikaenda kukaa naye barazani. Nikamwambia mama, hewa ya meli ilikuwa hewa huru, ukitoboa mahali pamoja inatoka yote. Hewa ya povu imefungwa kwenye vyumba vidogo mamilioni, ukitoboa unapoteza vile ulivyogusa tu. Halafu tukapiga hesabu, mama naye akifuata kwa kidole, maana hesabu alikuwa anamshinda mzee tangu ujana wao. Boti tupu ni kilo 90 hivi. Alumini ikizama inapoteza zaidi ya theluthi ya uzito wake, inabaki kama kilo 57 za kubebwa. Injini ya nguvu farasi 15 ni kilo 36, tuseme 30 ikiwa majini. Lita moja ya povu inabeba karibu kilo moja. Kwa hiyo chini ya lita 100 zinatosha boti na injini. Kila benchi linameza lita 100, na yako matatu. Zinazobaki ni za watu, na mtu aliye majini haelemei kwa uzito wake wote, anahitaji kilo chache tu za kumweka kichwa juu.

Mama akaangalia tarakimu muda mrefu. Akauliza, "Na likinywa maji tena?"

Swali zuri kuliko mengi niliyowahi kuuliza kwenye mikutano ya waandishi wa habari. Ndipo tukaamua kila kipande kifungwe peke yake kwa nailoni nzito, na mianya ijazwe chupa za maji za lita moja na nusu zilizokazwa vifuniko. Mama ndiye aliyekusanya chupa, harusi mbili na msiba mmoja. Yeye pia ndiye aliyetaka benchi la katikati liwe na kifuniko cha skrubu ili povu likaguliwe kila mwaka, na mzee akaandika. Povu tulilopata ni lile jeupe la maboksi ya kusafirishia minofu ya samaki, na lina kasoro moja kubwa: petroli. Nilitumbukiza kipande kwenye kopo lenye petroli kidogo, kikayeyuka kama sukari kwenye chai. Kwa hiyo tangi limefungwa nyuma kabisa, mbali, na mabenchi yamezibwa.

Povu lazima likae juu, karibu na kingo. Ukililaza lote chini ya sakafu, boti ikijaa maji itageuka tumbo juu. Hiyo ni kwa wale wanaopenda kuifanya sakafu ipendeze. Mzee naye ana mapambo yake, taa ya sola, kishikio cha ndoano, sanduku la barafu. Anasema atavua sato na furu, sangara akija atamkaribisha.

Jumapili iliyopita tuliishusha ziwani na kuizamisha makusudi. Maji ya kiunoni, injini bado haijanunuliwa, tukafunga viroba vya mchanga nyuma mahali pake, tukamimina ndoo mpaka maji yakawa sawa ndani na nje. Ikashuka, ikashuka, ikasimama. Kingo zilibaki juu kiasi cha kiganja, wima. Mzee akaingia na jaketi okozi lake jipya, nami nikaingia, tukakaa maji yakiwa kifuani kama watu walio kwenye beseni. Watoto wa mwaloni walicheka sana.

Mama alikuwa amesimama kwenye jiwe, kanga amejifunga kifuani, miguu mikavu. Alitwambia tusitoke. Akatazama saa. Tulikaa pale nusu saa nzima, mzee akitetemeka na baridi na kujifanya hatetemeki, ndipo akasema basi, inatosha, tokeni mle ugali.

Hajaipanda, na sijamuuliza kama ataipanda. Mzee anatafuta injini iliyotumika, mwenye nayo anijulishe. Jina bado hatujaandika ubavuni. Mzee alipendekeza la mjomba, mama akasema aachiwe afikirie.