Nahau za Kiingereza na Maana Isiyoandikwa

Ni ada ya vitabu vingi vya Kiingereza vitumiwavyo katika shule za Kenya kuzipanga nahau katika safu mbili: huku nahau, huku maana yake. "Kupiga ndoo teke" ni kufa. "Kunyesha paka na mbwa" ni kunyesha mvua kubwa. Mwanafunzi huzikariri, akazipachika katika insha, na aghalabu akatuzwa kwa mapambo ya lugha. Hata hivyo, safu hiyo ya pili hueleza nusu tu ya maana.

Tuichukue hiyo ndoo. Francis Grose aliiingiza katika kamusi yake ya mwaka 1785, kamusi ambayo haikuhusu lugha ya kanisani wala ya mahakamani, bali lugha ya mitaani na ya wahuni. Asili yake ingali inabishaniwa. Wapo wanaoshikilia kwamba ndoo hiyo si ndoo hata kidogo, ila ni boriti aliyoangikwa nguruwe wa kuchinjwa. Iwe iwavyo, nahau hiyo ina dhihaka ndani yake. Mtoto anayeandika kwamba babu yake mpendwa alipiga ndoo teke hajakosea kwa mujibu wa orodha. Amemdhihaki marehemu pasipo kujua, na hakuna aliyemtahadharisha. Mfasiri naye akiandika "aliaga dunia", amemstahi mtu ambaye mwandishi alikusudia achekwe. Kiswahili kina "kukata kamba", ambayo inaukaribia zaidi utani huo, na ambayo hakuna mwenye adabu angeitia katika tanzia.

Paka na mbwa wana kisa chao. Jonathan Swift aliwatia mwaka 1738 katika kitabu cha mazungumzo alichokitunga kwa kejeli, akiwacheka watu wa tabaka la juu waliozoea kuzungumza kwa misemo iliyochakaa. Yaani kile alichokikusanya yeye kama takataka za barazani, darasani huokotwa kama lulu!

Lakini zinazostahili kuangaliwa zaidi ni nahau zilizokwisha kuhamia Kiswahili kwa tafsiri sisisi. "Mwisho wa siku" imeota mizizi redioni, na hata katika tasnifu, mahali ambapo "hatimaye" au "mwisho wa yote" ingetosha. Msikilizaji asiyejua Kiingereza, naye si mmoja wala wawili, akiambiwa kwamba mwisho wa siku wananchi ndio watakaoamua, ana haki ya kuuliza ni siku gani hiyo na jua litatua saa ngapi. Si kwamba kila nahau ya kigeni ifukuzwe. "Kurusha taulo" nayo ni ya Kiingereza, lakini imetoka ulingoni, na yeyote aliyewahi kutazama ndondi huiona ile taulo ikianguka miguuni pa mwamuzi, akaelewa bila ya kufunguliwa kitabu.