Moshi Usiojua Mpaka

Kutoka Kilosa mjini tulipanda basi hadi Kilangali, nchi ya mpunga, ambako serikali ina shamba la kuzalisha mbegu za zao hilo. Safari nzima hakuna aliyewasha sigara. Watoto walilala kwa amani mapajani mwa mama zao.

Utulivu huo una sababu. Sheria ya mwaka 2003 inabana uvutaji katika mahali pa umma, vikiwemo vyombo vya usafiri, ingawa huruhusu kutenga sehemu za wavutaji. Mwaka 2007 Tanzania iliridhia pia mkataba wa kimataifa wa kudhibiti tumbaku.

Hata hivyo, sheria haibishi hodi nyumbani. Jioni, chini ya mwembe, tulimwona babu amempakata mjukuu, sigara mkononi. Mtoto hakuomba kuvuta, lakini alivuta. Moshi huo huweza kumletea nimonia, pumu na maradhi ya masikio. Mama mjamzito naye huweza kujifungua mtoto mwenye uzito mdogo. Duniani, zaidi ya watu milioni 1 wasiovuta hufa kila mwaka kwa moshi wa wengine.

Mama wenzetu, kufungua dirisha hakutoshi. Tuondoe kisahani cha majivu mezani. Tuseme na baba watoto kwa upole, wakiwa wametulia, si mbele ya wageni: avutie nje, mbali na watoto. Akitaka kuacha kabisa, tumtie moyo. Ndani ya nyumba, mlinzi wa pumzi ya mtoto ni sisi.