Langilangi Ndani ya Chupa ya Paris

Mama yangu hakuwa na manukato. Alikuwa na sabuni ya kufulia, na siku za sherehe alijipaka samli ya ng'ombe kama alivyofanya mama yake. Nikimkumbuka, kinachonijia kwanza ni samli hiyo ikichanganyika na moshi wa kuni ulioingia kwenye imvutano yake, vazi la wanawake wa kwetu. Kwetu Bugendana, nchini Burundi, mtu akinukia maua alikuwa ametoka mbali, tena watoto tulimfuata nyuma mpaka alipofika alikokwenda.

Ua pekee ambalo harufu yake niliijua vizuri lilikuwa la kahawa. Mvua zikirudi mwezi wa Septemba, mibuni ilichanua kwa pamoja, matawi yakawa meupe kama yamefunikwa pamba. Nilipotumwa maji alfajiri nilipita katikati ya shamba la baba, na harufu ilikuwa nzito kiasi cha kuionja ulimini. Hatukuiita manukato. Baba alihesabu matawi yaliyochanua, akajua kama mwaka ujao karo ya shule itapatikana.

Chupa ya manukato nayo ilikuja mwaka 2019, Gitega ikiwa imekwisha kuwa mji mkuu wa kisiasa wa nchi yetu. Wifi yangu anayeishi Brussels alikuja kwa ajili ya harusi ya ndugu yetu, akaniletea Chanel No. 5: chupa ya kioo yenye pembe nne, kibandiko cheupe, maandishi meusi, na maji ya rangi ya asali ya nyuki wadogo. Nilikuwa nimeliona jina hilo magazetini tangu nikiwa msichana. Asubuhi ya harusi nilijipulizia shingoni, kifuani, mikononi, nywele na nguo. Ndani ya basi la kwenda Gitega mama mmoja aliomba dirisha lifunguliwe, akafunika pua ya mtoto wake kwa kitenge. Kanisani kichwa kiliniuma. Nilirudi nyumbani nikaamini kwamba vitu vile vilitengenezewa wanawake wa namna nyingine, wenye ngozi nyingine na maisha mengine. Nikaifungia chupa sandukuni, ikakaa humo miaka miwili.

Aliyenifanya niitoe ni mama mdogo. Yeye aliolewa Muyinga, katika familia ya Waislamu, na mume wake alipokuwa na biashara ya nguo alikaa naye Unguja miaka saba. Kila alipokuja kututembelea alikuwa na vichupa vya mafuta ya asumini na udi, vimefungwa kwenye leso kama dawa. Nilipomwonyesha chupa yangu hakujipulizia. Alifungua kifuniko, akakinusa kwa mbali, akafumba macho.

"Mwanangu, humu mna langilangi."

Nilidhani anakosea. Langilangi ni ua la pwani. Yeye mwenyewe alinisimulia lilivyo la manjano, petali zake ndefu zimejisokota, na jinsi wanawake wa Unguja wanavyolichanganya na asumini kwa ajili ya bibi harusi. Lingefikaje Paris? Lakini pua yake ilikuwa sahihi. Manukato hayo yalitungwa na Ernest Beaux, mzaliwa wa Moscow, kwa ajili ya Gabrielle Chanel, yakatoka mwaka 1921. Asumini na waridi ni vya Grasse, kusini mwa Ufaransa, na langilangi ni la Visiwa vya Komoro. Huko Nzwani miti yake hukatwa vilele isirefuke, wachumaji walifikie ua kwa mkono. Huchumwa asubuhi na mapema, kabla jua halijapunguza harufu, kisha hukenekwa kwa mvuke saa nyingi. Nilichokuwa nimekiogopa kama kitu cha wenyewe kilikuwa na jasho la wanawake wanaosema lugha inayofanana na Kiswahili chetu.

Mama mdogo akanifundisha. Tone moja nyuma ya kila sikio, moja kwenye kifundo cha mkono, na usisugue. Jipake baada ya kuoga, kabla ya kuvaa. Kisha ngoja. Hilo la kungoja ndilo nililokuwa silijui, nami naona ndilo linalowaponza wengi: tunajipulizia, tunanusa papo hapo, tunaongeza. Manukato ya namna hii yana saa zake. Mwanzo hunukia kama shuka iliyotoka kupigwa pasi, na nyuma yake kuna kitu cha mshumaa uliozimwa sasa hivi. Hiyo ni kazi ya aldehidi, kemikali ambazo Beaux alizitia kwa wingi usio wa kawaida wakati ule. Baada ya nusu saa maua yanafunguka, wala huwezi kusema hili ni waridi au hili ni asumini, yameshikana. Jioni hubaki mti wa sandali na vanila kidogo, karibu sana na ngozi. Asubuhi ya pili niliinua imvutano kutoka kitini nikakuta harufu bado ipo kwenye pindo la bega.

Baridi ya milima yetu inasaidia. Nikiteremka Bujumbura, kwenye joto la ziwa, tone lilelile linaruka na kujaza chumba, kwa hiyo huko nabakiza kifundo cha mkono tu. Huku Bugendana tone hilo linatulia. Anayelisikia ni yule niliyemkumbatia, na kwa sababu hiyo nimeacha kujipaka ili wapita njia wajue. Najipaka kwa ajili ya salamu zetu, zile za kushikana mikono mpaka mabegani na kuulizana habari za nyumbani moja moja.

Siku moja ya mwezi wa Oktoba nilipita kwenye mibuni ya baba nikiwa nimejipaka. Nilisimama. Sikuweza kutenganisha harufu iliyotoka kwangu na iliyotoka matawini.

Chupa imebaki robo, naiweka gizani kwa kuwa mwanga huharibu manukato. Nawe usiye na chupa, ukitaka kuujua moyo wa harufu hiyo, njoo Bugendana mvua za kwanza zikishanyesha na kahawa imechanua. Ila usichelewe, maua hayamalizi wiki.