Daktari wa Bima Kwenye Skrini: Anapima Nini Hasa?

Leo naongea kuhusu kitu ambacho hakuna mtu hukuambia mpaka kikupate: daktari wa bima. Ukiumia kwenye matatu halafu ushtaki, daktari wako anaandika ripoti. Kampuni ya bima nayo inataka ripoti yake, kwa hivyo inakutuma kwa daktari imemchagua yenyewe. Wanauita uchunguzi huru. Huru kutoka kwa nani, sijui, maana anayelipa ni bima.

Siku hizi unaweza kupimwa kwa video. Kaka yangu, aliyeumia kifundo cha mkono, alipimwa hivyo. Dakika kumi hivi, simu imeegemezwa kwenye thermos, mimi niko kando naomba bando zisiishe. Daktari akasema inua mkono, kunja ngumi, zungusha. Kaka akafanya. "Sawa, asante." Imeisha hiyo.

Sasa shida ni hii: kaka anakunja ngumi fiti kabisa. Chenye hawezi ni kushika kitu kwa nguvu. Hata sufuria ya ugali anabeba na mkono mmoja. Nguvu ya mkono haionekani kwa skrini. Daktari anakuambia ufinye vidole vyake, ama anakupa kifaa cha kufinya. Ganzi pia, lazima mtu akuguse. Na ripoti hizi mara nyingi huishia kwa asilimia ya ulemavu wa kudumu. Ikiwa 5 ama 15, hakimu akipiga hesabu ya fidia hiyo namba ina uzito. Ati mkono ambao hakuna mtu ameushika ndio umepewa namba!

Sisemi video ni mbaya. Kusoma eksirei, kuuliza historia ya maumivu, hata kuongea kuhusu usingizi kukataa baada ya ajali, hayo yanaenda vizuri kwa simu. Na kumtoa mtu Lodwar mpaka Nairobi aonekane dakika kumi pia ni dhuluma. Tena tuna Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023, inayotambua huduma za afya kwa mtandao. Lakini kutambua huduma si kusema kila kipimo kinatosha. Kortini ripoti ya daktari ni maoni ya mtaalamu tu. Hakimu hafungwi nayo, na wakili wako anaweza kuomba daktari aitwe ahojiwe: Ulimgusa? Mwanga ulikuwaje? Simu ilikatika mara ngapi? Kwangu mimi, ripoti kama hiyo haifai kushinda ya daktari aliyeushika huo mkono.

Kitu kingine vijana hatujui: huyo si daktari wako. Hakutibu. Ukimwambia kwa utani kwamba Jumapili ulicheza mpira kidogo, anaweza kuiandika, na inaenda moja kwa moja kwa waliomtuma. Hata hivyo mwili wako si mali yao. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, habari za afya ni data nyeti. Una haki ya kuambiwa zinatumiwa kwa kazi gani, na kuomba kuona zile wanazo kukuhusu. Kwa hivyo kabla hujakubali video, uliza: mnarekodi? Nani mwingine yuko hapo chumbani? Daktari ana leseni ya KMPDC, ama amekaa nchi nyingine? Na wakili wako awe anajua, usijibu tu link imetumwa WhatsApp.

Wakili wa kaka ameandika barua akitaka apimwe ana kwa ana. Bado tunangoja tarehe. Wewe ukipigiwa hiyo simu na mtandao ukatike katikati, sema papo hapo, "Nataka hiyo iandikwe kwa ripoti," kisha uandike saa yenyewe kwa karatasi yako.