Kijiji Kilichojifungia Mlango

Watu wengi wakisikia jina la Uingereza, mawazo yao huruka mara moja hadi London. Mimi nikilisikia hukumbuka Eyam, kijiji kidogo kilichomo vilimani katika jimbo la Derbyshire. Mgeni apitaye kwa haraka huona nyumba za mawe ya kijivu, kanisa la kale, kondoo malishoni, na kuta za mawe zipandazo vilima zikigawanya makonde. Nami nilipofika niliyaona hayo; walakini kilichonishika moyo ni vibao vilivyo mbele ya nyumba kadhaa, vyenye majina ya watu waliokufa ndani yake.

Yasimuliwa kwamba mwaka 1665, tauni ilipokuwa ikiangamiza London, robota la nguo lilitoka huko likafika kwa mshoni mmoja wa Eyam. Nguo zilikuwa na unyevu, zikaanikwa mbele ya moto, na ndani yake walikuwamo viroboto. Mwezi wa Septemba, George Viccars, msaidizi wa mshoni huyo, alifariki. Siku zile hakuna aliyejua asili ya maradhi; vijidudu vyake vilikuja kutambuliwa mwaka 1894.

Mwezi wa Juni 1666, vifo vilipozidi tena, kasisi William Mompesson aliwaomba wanakijiji wasitoke, wasije wakaupeleka msiba kwa jirani zao. Alishirikiana na Thomas Stanley, kasisi wa zamani aliyekuwa ameondolewa kazini kwa tofauti za dini. Watu walikubali. Chakula kiliwekwa mpakani, na fedha za malipo zikaachwa katika vishimo vya jiwe zikiwa zimetiwa siki. Ibada ilifanywa bondeni, hewani. Kila jamaa ilizika maiti wake yenyewe. Elizabeth Hancock alimzika mumewe na watoto sita kwa muda wa siku nane. Tauni ilipokoma mwezi wa Novemba, watu wapatao 260 walikuwa wamekufa, na mke wa Mompesson alikuwa mmoja wao.

Kila nifundishapo habari hii, mwanafunzi mmoja huuliza swali zito. Mompesson aliwatoa watoto wake kijijini kabla ya amri ile. Je, alikuwa na haki ya kuwaomba wengine wawabakishe wao? Swali hili halifai kufichwa. Tena ni kweli kwamba wenye uwezo kadhaa walikwisha kuondoka, na kwamba maskini wengi hawakuwa na pa kwenda. Lakini kasoro ya kiongozi haifuti wema wa waliomfuata. Mompesson na mkewe walibaki. Na yule asiye na pa kwenda bado alikuwa na miguu ya kukimbilia.

Shule zetu za Kenya zilipofungwa mwezi wa Machi 2020 kwa sababu ya korona, niliona jinsi kukaa nyumbani kulivyo kugumu, hata pasipo makaburi mlangoni. Wengi wetu tulitii kwa kujihofia wenyewe. Watu wa Eyam waliwahofia wengine.

Ni rahisi kumtendea wema jirani tumwonaye na atakayetushukuru. Wao waliwatendea wema watu wa vijiji vya mbali, ambao wengi hawakupata kujua ni nani aliyekufa ili wao wapone. Msomaji, wema wa namna hiyo hauna shahidi ila dhamiri, nao ndio ulio mgumu kuliko wote.